SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA AMPLIFAYA KWENYE GARI

Maneno ya kujifunza: volti, ampea, wati, fyuzi, shoti, chanya, hasi.

Siku hizi si ajabu kuona pikapu ya kikundi ikipita vijijini na spika juu ya kibanda, ikitangaza mkutano, mnada au chanjo ya watoto. Jioni gari hilo hilo linaombwa harusini. Redio ya gari peke yake haiwezi kazi hiyo. Redio nyingi za gari hutoa wati 15 hadi 20 tu kwa kila spika, hata kama usoni pameandikwa maneno makubwa. Kwa hiyo watu hununua amplifaya, yaani chombo kinachopokea sauti ndogo kutoka kwenye redio na kuitoa ikiwa na nguvu nyingi.

Wapo watakaosema hili ni somo la mafundi, si la wanakisomo. Mimi sikubali. Fundi atamaliza kazi, atalipwa na ataondoka. Gari litabaki kwenu, na kama waya umefungwa vibaya, gari litaungua likiwa kwenu. Mtu anayejua kusoma na kupiga hesabu ya kuzidisha anaweza kusimama karibu na fundi na kuuliza maswali manne au matano ya maana. Somo hili ni la kumpa maswali hayo.

UMEME MDOGO UNAOUNGUZA

Betri ya gari dogo ina volti 12. Umeme wa nyumbani una volti 230. Ukigusa betri ya gari kwa mikono mikavu husikii kitu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanasema, "Ah, huu ni umeme wa gari tu."

Fikiri maji ya bomba. Volti ni kama msukumo wa maji kutoka kwenye tangi. Ampea ni kama wingi wa maji yanayopita. Betri ya gari ina msukumo mdogo, lakini wingi wake ni mkubwa mno. Dereva anapowasha injini, starta peke yake huvuta ampea zaidi ya 100 kwa muda mfupi. Sasa ukichukua waya mwembamba ukaunganisha chanya na hasi za betri, umeme wote huo utapita humo. Waya utakuwa mwekundu kama kaa la moto, na plastiki yake itawaka. Hiyo ndiyo shoti. Volti 12 hazikukurusha wewe, lakini zinatosha kabisa kuchoma zulia la gari, viti, na gari lenyewe.

Chanya huandikwa kwa alama ya kujumlisha (+) na hasi kwa alama ya kutoa (−). Tuliziona alama hizi kwenye hesabu. Katika magari ya siku hizi upande wa hasi umefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo bati lote la gari, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama waya mmoja mkubwa wa hasi. Mafundi huita upande huo ethi. Likumbuke jambo hili, maana waya wa chanya ukichubuka na kugusa bati mahali popote pale, umepiga shoti.

KUSOMA BOKSI, KUSOMA FYUZI

Dukani utaonyeshwa boksi limeandikwa wati 1000, au 2000. Usitoe pesa bado. Mwambie muuzaji aitoe amplifaya kwenye boksi, kisha tazama ubavuni, pale panapoingia waya. Amplifaya nyingi zina fyuzi pale, na fyuzi imeandikwa namba. Tuseme ni fyuzi moja ya 30. Maana yake amplifaya haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 30 kwa muda mrefu. Ikivuta zaidi, fyuzi itakatika.

Piga hesabu. Wati ni volti mara ampea. Volti 12 mara ampea 30 ni wati 360. Hizo ndizo zinazoingia. Zinazotoka ni chache zaidi, kwa sababu amplifaya hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea. Amplifaya za aina ya zamani, ambazo bado zinauzwa kwa wingi, hupoteza karibu nusu. Kwa hiyo sauti ya kweli itakuwa wati 180 hivi, pengine 200. Wati 1000 za boksini zimetoka wapi? Ni za kuuzia. Zipo amplifaya mpya za aina inayoitwa daraja la D ambazo hupoteza kidogo tu, robo au chini ya hapo, lakini hata hizo haziwezi kutoa wati nyingi kuliko zinazoingia.

Na jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia: wati zikiwa mara mbili, sauti haiwi mara mbili. Inaongezeka kidogo tu, kiasi ambacho sikio linatambua bila kushangaa. Ili sikio lisikie kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Basi kikundi kinachoongeza pesa nyingi ili kitoke kwenye wati 200 hadi 400 kinanunua tofauti ndogo sana. Afadhali pesa hiyo inunue spika nzuri na waya mzuri.

WAYA

Hapa ndipo ubahili unapoharibu kazi. Waya wa umeme huuzwa kwa unene, nao hupimwa kwa milimita za mraba. Waya wa taa za nyumbani ni 1.5. Waya wa soketi ni 2.5. Kwa amplifaya yetu ya ampea 30 iliyowekwa nyuma ya kiti, mita 5 kutoka kwenye betri, tumia waya wa 10.

Kwa nini? Waya mwembamba ni kama bomba jembamba. Ampea 30 zikipita katika waya wa 1.5 wenye urefu wa mita 5, volti 1.75 hupotea njiani. Katika waya wa 10 hupotea robo ya volti tu. Tena hizo volti 1.75 hazipotei bure. Zizidishe kwa 30, utapata wati 52 na nusu. Hilo ni joto la balbu ya zamani ya wati 50, na umelilaza chini ya zulia la gari lako. Muziki utakuwa dhaifu na zulia litakuwa la moto.

Mnaponunua waya, kwangueni ncha yake kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukikuta juu ni nyekundu na ndani ni nyeupe kama sufuria, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Nyaya hizo zimejaa madukani, hasa zile zinazouzwa zikiwa seti kamili kwenye mfuko. Alumini hupitisha umeme kiasi cha sita kwa kumi ya shaba. Si kwamba haifai kabisa, lakini lazima uchukue nene zaidi. Mahali pa 10, chukua ya 16. Na bei yake isiwe ya shaba.

FYUZI YA PILI

Kama utasahau mengine yote ya leo, hili lishike. Fundi wengi wa haraka huchukua waya wa chanya, huufunga kwenye betri moja kwa moja, na kuupeleka nyuma. Ukiuliza fyuzi iko wapi, watakuonyesha ile iliyo kwenye amplifaya. "Si hii hapa?"

Ile inalinda amplifaya. Hailindi waya. Waya wa mita 5 umetoka kwenye betri, umepita kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, umepita chini ya zulia ambako watu wanakanyaga kila siku. Barabara zetu mnazijua. Gari linatikisika, bati lina makali, plastiki ya waya inakwanguliwa kidogo kidogo, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mpaka siku moja shaba inagusa bati. Umeme utatoka kwenye betri, utaingia kwenye waya, utarudi kupitia bati. Hautafika kabisa kwenye fyuzi ya amplifaya. Ile fyuzi itakaa salama salimini huku gari linawaka.

Kwa hiyo lazima iwepo fyuzi nyingine kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Karibu maana yake isizidi sentimita 45, ambazo ni kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Ikiwa karibu zaidi, vizuri zaidi. Kwa waya wa 10 wa shaba na amplifaya yetu, fyuzi ya ampea 40 inafaa. Siyo 100. Fyuzi inatakiwa ikatike kabla waya haujaungua. Fyuzi kubwa kuliko nguvu ya waya ni pambo.

Na fyuzi ikikatika, usiweke msumari, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fyuzi haikatiki kwa kupenda. Tafuta sababu kwanza, kisha weka nyingine ya namba ile ile. Fyuzi za kuchomeka za magari zina rangi ili zitambulike hata na asiyeona vizuri namba: 10 ni nyekundu, 15 ya bluu, 20 ya njano, 30 ya kijani.

KAZI YENYEWE

Kabla ya yote, ondoeni waya wa hasi kwenye betri. Wa hasi kwanza, siyo wa chanya. Sababu yake ni hii: ukianza na chanya, spana iko kwenye chanya, na mkia wa spana ukigusa bodi, umepiga shoti kwa spana. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi haina neno. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Mtu asivute sigara pale, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Baadhi ya redio huomba namba ya siri umeme ukikatwa. Muulizeni mwenye gari kabla.

Tafuteni tundu lililopo katika ukuta wa injini. Kama ni lazima kutoboa, tazameni upande wa pili msitoboe bomba la breki. Ndani ya tundu wekeni kipete cha mpira ndipo waya upite. Waya usiguse bati tupu hata mahali pamoja.

Waya wa hasi wa amplifaya hauendi mpaka kwenye betri. Unafungwa kwenye bodi, karibu, usizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na wa chanya. Watu huweka chanya nene na hasi nyembamba, ati kwa sababu ni fupi. Kumbe umeme unaoingia ndio huo huo unaotoka. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza kwa bolti na nati, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Usitumie bolti ya mkanda wa kiti. Usitoboe juu ya tangi la mafuta. Kazi nyingi ambazo sauti yake inakatika-katika, ubaya uko hapa, kwenye rangi ambayo haikukwanguliwa.

Zipo nyaya za sauti, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe kama za deki ya video. Hizi zipite upande mwingine wa gari. Kama chanya imepita kulia, hizi zipite kushoto. Zikilala pamoja, mtasikia mlio mwembamba kwenye spika unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta. Mlio huo unatoka kwenye altaneta. Kama redio yenu ni ya zamani na haina matundu ya vichwa hivyo, tazameni amplifaya kama ina sehemu ya kupokea nyaya za spika za redio. Nyingi zinayo.

Halafu kuna waya mmoja mwembamba wa kuamsha amplifaya. Kwenye redio nyingi ni wa bluu wenye mstari mweupe, lakini someni karatasi iliyobandikwa juu ya redio. Redio ikiwashwa, waya huu huiambia amplifaya iamke. Redio ikizimwa, nayo inalala. Fundi mvivu huunganisha waya huu kwenye chanya moja kwa moja. Amplifaya haitalala usiku wala mchana, na asubuhi mtasukuma gari.

Fyuzi ya betri iwekwe mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukaguliwa.

SPIKA

Nyuma ya spika pameandikwa omu, kwa kawaida 4. Omu ni ukinzani. Ukifunga spika mbili za omu 4 bega kwa bega, yaani chanya pamoja na hasi pamoja, amplifaya inaona omu 2. Ukizifunga kwa kufuatana, inaona omu 8. Someni kijitabu: kama kinasema isipungue omu 4, kufunga bega kwa bega kutaichemsha mpaka ijizime au ife.

Kama alama za spika zimefutika, chukueni betri ya tochi ya volti 1.5. Ondoeni spika kwenye amplifaya kwanza. Gusisheni nyaya za spika kwenye betri kwa kitambo kifupi tu. Karatasi ya spika ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika mbili zisipokubaliana, moja ikisukuma nyingine inavuta, na besi inapotea. Watu hulaumu spika kumbe ni waya.

Kile kitufe cha kuzungushwa kwenye amplifaya kilichoandikwa "gain" si cha kuongeza sauti. Ni cha kulinganisha amplifaya na redio. Anzeni kikiwa chini kabisa. Fungueni redio mpaka robo tatu ya nguvu yake, kisha zungusheni kitufe polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu mrudishe nyuma kidogo. Kiacheni hapo. Sauti inayokwaruza ndiyo inayounguza spika.

LORI, NA BETRI YA HARUSINI

Malori mengi yana betri mbili zilizofuatana, jumla volti 24. Amplifaya ya gari dogo ni ya volti 12. Huko itakufa mara moja. Wengine hufanya ujanja wa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Amplifaya itaimba, ndiyo, lakini betri moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda mtanunua zote mbili. Nunueni chombo cha kushusha volti 24 kuwa 12. Zile amplifaya za matangazo zenye spika za tarumbeta zinaendeshwa tofauti kidogo upande wa spika, lakini upande wa betri, waya na fyuzi ni vilevile.

Tena hesabu moja. Betri imeandikwa 60Ah. Maana yake inaweza kutoa ampea 3 kwa saa 20. Betri ya gari haipendi kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 30. Muziki wa harusi ukivuta ampea 15, saa mbili zimekwisha na gari haliwaki. Washeni injini mara kwa mara, lakini si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wa gari huua kimya kimya. Na watoto wasikae mbele ya spika. Sikio lililoharibiwa na kelele halitibiki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Amplifaya ina fyuzi mbili za ampea 25. Gari ni la volti 12. Ni wati ngapi zinaweza kuingia? Kwa amplifaya ya aina ya zamani, zinaweza kutoka ngapi hivi?

2. Fundi ameweka fyuzi ya betri nyuma ya kiti, karibu na amplifaya. Mwelezeni kwa nini aihamishe.

3. Betri ni ya 70Ah. Muziki unavuta ampea 10. Injini ikiwa imezimwa, mtacheza saa ngapi kabla ya kufika nusu ya betri?

4. Amplifaya ya gari la kikundi inakatika-katika kila gari likipita kwenye mashimo. Mtaanza kukagua wapi?

Majibu ya hesabu: swali la 1, zinaingia wati 600 na kutoka 300 hivi. Swali la 3, saa tatu na nusu.